Kanuni Zisizoonekana: Wachezaji Wakongwe na Mifumo Mipya ya Michezo ya Uhusika

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hana haja ya kukumbushwa mwaka wa 1974. Ndio mwaka ambao Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ilichapishwa Nairobi, na mgogoro wa vina na mizani ukapata kuni za kuuchochea kwa muda mrefu. Mwaka huo huo, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, zilitolewa nakala 1,000 za kisanduku chenye vijitabu vitatu kilichotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuitwa Dungeons & Dragons. Matukio haya mawili hayana uhusiano wowote ila wa tarehe. Hata hivyo, swali ambalo wachezaji wa mchezo ule wamekuwa wakiulizana kwa nusu karne ni swali ambalo washairi wa Kiswahili nao waliulizana, tena kwa ukali usio mdogo: mtu aliyekwisha kulimudu umbo moja hata likawa kama pumzi yake ana sababu gani ya kwenda kujifunza umbo jingine? Aghalabu swali hili huchukuliwa kuwa ni la ukaidi wa wazee dhidi ya uchangamfu wa vijana. Si hivyo, au si hivyo tu.

Michezo ya uhusika, kama inavyoweza kuitwa kwa kufuata istilahi ya tamthilia, huchezwa na watu wachache, kwa kawaida wanne hadi sita, walioketi kuizunguka meza. Kila mmoja huvaa uhusika wa mtu mmoja: askari, mwizi, kasisi, mchawi. Ni mmoja tu asiyekuwa na mhusika wake maalumu, naye ni msimamizi. Kazi yake ni kuieleza dunia ambamo wahusika wanaishi na kuwasemea wengine wote waliomo, kuanzia mwenye nyumba ya wageni hadi joka. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. Pale ambapo matokeo yana shaka, dadu hurushwa, na kanuni zilizomo kitabuni huamua kama amefaulu au ameshindwa. Hakuna mshindi. Kinachobaki mwisho wa kikao ni hadithi ambayo hakuna hata mmoja aliyeijua walipoketi, nayo haikuandikwa popote.

Mtaalamu wa fasihi simulizi atatambua upesi kinachovutia hapa. Fanani na hadhira ni watu wale wale, tena kwa wakati ule ule. Utendaji ukiisha, matini imekwisha. Kitabu cha kanuni, ambacho ndicho kinachouzwa dukani, si matini hiyo. Kama ni lazima kukitafutia mahali katika istilahi za Kiswahili, basi kitabu hicho si shairi bali ni bahari: ni umbo ambalo hadithi zisizo na idadi zitatungwa ndani yake. Kwa hiyo mtu anapomshauri mchezaji mkongwe ajaribu mfumo mpya, hamwambii asome riwaya nyingine. Anamwambia aache utenzi aanze wawe, na atunge papo kwa hapo mbele ya rafiki zake.

Ugomvi kuhusu wingi wa kanuni ni mkongwe kuliko michezo yenyewe. Katika mwaka wa 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali ya kukadiria hasara. Nusu karne baadaye, mwaka wa 1876, Verdy du Vernois alipendekeza majedwali hayo yawekwe kando, na ofisa mzoefu aamue mwenyewe kwa kutegemea alichokiona vitani. Wote wawili walikuwa na hoja. Kanuni nyingi humlinda mwanafunzi dhidi ya upendeleo wa mwamuzi, ilhali kanuni chache humlinda mwamuzi mzoefu dhidi ya upumbavu wa jedwali. David Wesely alipowapa wachezaji wa vita katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, mwishoni mwa miaka ya 1960, uhusika wa mtu mmoja mmoja badala ya jeshi, na Arneson, aliyekuwa mmoja wao, alipoipeleka fikra hiyo katika ngome na mapango ya nchi yake ya kubuni iliyoitwa Blackmoor, ugomvi huo ulifuatana nao kama mzigo wa safari.

Ukongwe katika michezo hii una maana mahususi. Si umri, wala si idadi ya vitabu vilivyopangwa rafuni. Mkongwe ni yule ambaye kwake kanuni hazionekani tena. Mfano mdogo utalifafanua jambo hili. Katika matoleo ya Dungeons & Dragons yaliyoutangulia mwaka wa 2000, kinga ya mhusika ilipimwa kwa namba ambayo kadiri ilivyopungua ndivyo kinga ilivyokuwa bora. Aliyevaa deraya nzito alikuwa na namba ndogo kuliko aliyekwenda kifua wazi. Mchezaji alilazimika kufanya hesabu ya kutoa, na pengine ya namba zilizo chini ya sifuri, kila upanga ulipoinuliwa. Toleo la tatu, lililotoka mwaka huo wa 2000, liliugeuza utaratibu: namba kubwa ikawa ndiyo kinga bora, na kutoa kukawa kujumlisha. Ni vigumu kumpata mtu wa kudai kwamba utaratibu wa awali ulikuwa mwepesi zaidi. Lakini yule aliyekuwa akitoa kwa miaka ishirini alikuwa, kwa hakika, hatoi tena. Alikuwa akiiona namba kwenye dadu na kutamka kuwa upanga umempata adui kabla hesabu haijapita kichwani, kama malenga asivyohesabu mizani kwa vidole ila huusikia mshororo uliopungukiwa kama mtu asikiavyo ngoma iliyopasuka. Utaratibu mwepesi ulimrudishia hesabu. Ghafla akaanza kuziona kanuni, na alipoziona kanuni akaacha kumwona joka.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mfumo wowote, uwe mzuri au mbaya, hutoweka machoni mwa watumiaji wake wakidumu nao kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo mkongwe akisema kuwa mfumo wake wa zamani hauingilii hadithi, anasema kweli juu yake mwenyewe na hajasema lolote juu ya mfumo. Mgeni akiketi kwenye meza ile ile ataona kanuni kila aendako. Hali kadhalika, mkongwe akilalamika kuwa mfumo mpya umejaa kanuni, huenda kitabu alichokishika ni chembamba mara tatu kuliko kile alichokizoea. Madai haya mawili hayafai kuwa hukumu ya kihakiki. Yanafaa kuwa ushahidi wa gharama.

Na gharama ipo. Ichukuliwe meza ya watu watano waliojuana chuoni katika miaka ya 1980, ambao sasa wana umri wa miaka sitini hivi. Wanakutana mara mbili kwa mwezi, kwa muda wa saa nne kila mara. Hizo ni saa 96 kwa mwaka, endapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyesafiri, na hakuna mjukuu aliyezaliwa. Mfumo mpya unataka vikao sita, kwa makisio ya ukarimu, kabla haujaanza kutoweka machoni: robo ya mwaka. Vijana wa miaka kumi na saba huweza kuimaliza idadi hiyo ya saa katika wiki moja ya likizo, wakikesha na kula chochote kilichomo jikoni. Kwa watu wa miaka sitini, ambao mmoja wao amekwisha kupasuliwa moyo na mwingine mkono wake umeanza kutetemeka, robo ya mwaka ni kitu cha kuombwa kwa adabu. Anayeleta kitabu kipya mezani anaomba hicho, na mara nyingi hajui kuwa anakiomba. Yeye anadhani ameleta kitabu.

Yaliyotokea mwaka wa 2008 yanaonyesha jinsi ombi la namna hiyo linavyoweza kukataliwa. Gygax alifariki tarehe 4 Machi mwaka huo. Mwezi Juni, kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua kampuni ya awali mwaka wa 1997, ilitoa toleo la nne la Dungeons & Dragons. Katika toleo hilo aina zote za wahusika zilipewa uwezo uliopangwa kwa kiolezo kimoja: kuna utakaoutumia wakati wowote, kuna wa mara moja kwa kila pambano, na kuna wa mara moja kwa siku. Watungaji walikusudia haki. Katika matoleo ya nyuma mchawi wa daraja la juu aliweza kumfanya askari aonekane mbebaji wa mizigo tu. Lakini wakongwe wengi walihisi kuwa askari na mchawi sasa wanazungumza kwa sauti moja. Lawama hiyo ilitiwa chumvi, ila haikuwa ya uzushi. Tofauti kati ya askari na mchawi ilikuwa imekaa katika tofauti ya kanuni zao, yaani katika fani. Fani ilipofanywa kuwa moja, maelezo yaliyobaki hayakutosha kuwatenganisha. Mhakiki yeyote aliyewahi kukana kwamba fani na maudhui zinatenganika angeweza kuwatabiria watungaji tatizo hilo.

Waliokataa walihamia kwa wingi katika Pathfinder, uliotolewa na kampuni ya Paizo mwaka wa 2009 na kujengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, jambo lililowezeshwa na leseni huria ya mwaka wa 2000. Yaani watu walinunua kitabu kipya ili wasilazimike kubadili mchezo. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi nyuma zaidi: OSRIC, iliyotolewa mwaka wa 2006, iliziandika upya kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa maneno mengine, ili zipate kuchapishwa tena. Na kuna kinaya kingine. Gygax mwenyewe, baada ya kuachana na kampuni aliyoiasisi, alitunga mifumo mingine, ukiwamo Dangerous Journeys wa mwaka wa 1992 na Lejendary Adventure wa mwaka wa 1999. Mtunga sheria aliihama sheria yake, na wengi wa wanaomwita baba wa mchezo hawakumfuata huko. Kaluta Amri Abedi alipokiita kitabu chake cha mwaka wa 1954 Sheria za Kutunga Mashairi, aliteua neno ambalo lina tabia hiyo hiyo: sheria ikishaandikwa huwa mali ya wanaoishi chini yake.

Utetezi huu wa mkongwe, hata hivyo, una mpaka. Ungekuwa kamili kama mifumo yote ingekuwa inasimulia hadithi za aina moja kwa njia tofauti, mithili ya barabara nyingi ziendazo Mombasa. Haiko hivyo. Mahali pa kuliona jambo hili ni kwenye karatasi ya mhusika, ambayo kila mchezaji huiweka mbele yake na kuijaza kwa penseli. Karatasi hiyo ni nadharia ya uhusika. Inaeleza mtu ni nini, kwa maana ya kwamba yale yasiyoandikwa humo mchezo hauna namna ya kuyauliza. Dungeons & Dragons humpima mtu kwa mambo sita: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na mvuto. Muda humwinua, aanzaye akiogopa panya, akidumu, huishia kupambana na miungu. Umbo hilo ni la utendi.

Call of Cthulhu, mfumo uliotungwa na Sandy Petersen kwa kufuata hadithi za H. P. Lovecraft na kutolewa na kampuni ya Chaosium mwaka wa 1981, unaupindua mwendo huo kwa hesabu moja. Mhusika ana alama za uzima wa akili. Pia ana kipimo cha maarifa yake juu ya siri za kutisha anazozipeleleza. Kiwango cha juu kabisa ambacho uzima wa akili yake unaweza kufikia ni 99 baada ya kutoa kipimo hicho cha maarifa. Kwa maneno mengine, kadiri anavyojua ndivyo dari ya akili yake inavyoshuka, na maarifa hayo hayafutiki. Mpelelezi anahitaji kujua ili ashinde; akijua anaangamia. Hesabu hiyo ya kutoa imebeba tanzia nzima, na hakuna msimamizi anayehitaji kuihubiri. Mkongwe wa Dungeons & Dragons anaweza kujibu kwamba tanzia inasimulika hata kwa kanuni za mwaka wa 1974. Inasimulika, kama kinyago kinavyochongeka kwa panga. Lakini muda wote huo wachezaji watakuwa wakitafuta hazina, kwa sababu karatasi zao zinawaambia kwamba hazina ndiyo ukuaji.

Mfano wa pili unamgusa msomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika Vampire: The Masquerade, mfumo wa Mark Rein-Hagen wa mwaka wa 1991, mchezaji huvaa uhusika wa mfu anyonyaye damu, na karatasi yake ina kipimo ambacho kwa Kiswahili hakina jina jingine ila utu. Kipimo hicho kina alama kumi. Mhusika akiua, akitesa, akisaliti, huenda alama zikapungua. Zikiisha zote, mhusika huacha kuwa wa mchezaji na hukabidhiwa msimamizi, kwani aliyebaki ni hayawani. Msomaji ambaye lugha yake humtoa mtu katika utu na utu katika mtu anaweza kucheka akisikia kwamba utu unahesabiwa kama kete. Acheke, kisha atazame upande wa pili. Katika mchezo wa mwaka wa 1974 kulikuwa na maelezo ya upande wa mhusika, kama yu wa utaratibu au wa vurugu, lakini adui aliyeuawa aliongeza alama za uzoefu, na alama hizo ndizo zilizompandisha muuaji daraja. Huko nako utu ulikuwa umehesabiwa, ila thamani yake iliwekwa kuwa sifuri na hakuna aliyeona haja ya kuiandika.

Mifumo ya karne hii imekwenda mbali zaidi, nayo ndiyo inayoleta mabishano makali zaidi mezani. Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, iliyotoka mwaka wa 2010, hutumia dadu mbili za kawaida. Jumla ikifika kumi, mhusika hufanikiwa. Ikiwa kati ya saba na tisa, hufanikiwa kwa gharama fulani. Ikiwa sita au chini, msimamizi husogeza mambo mbele, aghalabu kwa ubaya. Msimamizi mwenyewe harushi dadu, na kitabu kimemwekea yeye pia misingi ya kufuata. Wakongwe wengi huisoma kanuni hiyo ya katikati, ya saba hadi tisa, na kusema kwamba jambo hilo wamelifanya siku zote. Wanasema kweli. Msimamizi hodari wa miaka ya 1970 alijua kumpa mchezaji ushindi wenye jeraha. Lakini alilijua hilo kwa kunga, na kunga ina siku zake. Alipokuwa amechoka, au alipokuwa amemkasirikia mchezaji mmoja kwa jambo lisilohusiana na mchezo, ilipotea. Kitabu kiliichukua kunga ya mtu mmoja kikaifanya kuwa haki ya kila aliyeketi. Ni njia ile ile aliyoipita Verdy du Vernois, ikipitwa kwa kurudi nyuma.

Kutokana na hili hudhihirika sababu ya kukataa ambayo haitajwi mezani. Katika mfumo wake wa zamani mkongwe ni kungwi. Yeye ndiye anayejua, ndiye anayeulizwa, na vijana wakija huwa wari wake. Kitabu kipya kikifunguliwa, kijana aliyekinunua Jumamosi iliyopita anajua zaidi kuliko yeye, na kungwi anakaa mkekani pamoja na wari. Si kila mtu anayeweza kulistahimili hilo, na wengi wasioliweza hulivika joho la hoja za kifani. Hoja hizo zisikilizwe, lakini mhakiki asisahau nani anayezitoa na ameketi wapi.

Kosa la upande wa pili halina heshima zaidi. Wapo wanaonunua kila mfumo utokao, wakausoma kitandani, wakautolea hukumu, wasiwahi kuucheza. Ni kama mtu mwenye rafu nzima ya vitabu vya arudhi ambaye hajatunga hata ubeti. Wapo pia wanaohama kila baada ya vikao vitatu, kwa hiyo daima wanaziona kanuni na hawajapata kumwona joka hata siku moja. Mkongwe mkaidi angalau amefika mahali fulani.

Biashara nayo ina mkono wake katika jambo hili, na si mkono mdogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina namua na mtaji, na lina mafundi ambao mchezaji wa kawaida hathubutu kuketi mbele yao. Lakini hakuna mwenye kulimiliki, na hivyo hakuna anayewatolea mafundi hao toleo la tano na kuwaambia kuwa la nne limepitwa na wakati. Dungeons & Dragons ina mwenyewe. Toleo la tano lilitoka mwaka wa 2014 baada ya majaribio ya hadharani yaliyoanza mwaka wa 2012, na vitabu vyake vya msingi vilifanyiwa marekebisho kuanzia mwaka wa 2024. Januari 2023, habari kwamba kampuni inakusudia kuibadilisha leseni ile huria ya mwaka wa 2000 zilizusha ghadhabu kubwa, hata kampuni ikarudi nyuma kabla ya mwezi kwisha na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni isiyoweza kufutwa. Katika wiki hizo watu waliokuwa wamekataa mifumo mingine kwa miaka mingi walianza kuiulizia. Hakuna kilichokuwa kimebadilika katika mifumo hiyo. Kilichobadilika ni uhusiano wao na mwenye duka, na mtu anayehama nyumba kwa sababu ya ugomvi na mwenye nyumba hajasema lolote juu ya usanifu wa nyumba anayohamia.

Je, mkongwe aamueje? Desturi iliyoenea ni jaribio la usiku mmoja: kisa kifupi, wahusika waliotayarishwa tayari, kisha kila mtu aseme kama ameupenda mfumo. Desturi hii inaonekana ya busara, ila ina kasoro ambayo imekwisha kudokezwa. Usiku mmoja unatosha kuziona kanuni, hautoshi kuzisahau. Unaipima sura ya mfumo wakati ule tu ambapo sura hiyo ndiyo kizuizi. Isipokuwa kwa mifumo iliyokusudiwa usiku mmoja, kama Fiasco ya Jason Morningstar ya mwaka wa 2009, isiyokuwa na msimamizi kabisa, jaribio hilo humwambia mkongwe kile alichokijua kabla hajaketi. Swali lenye manufaa zaidi huulizwa kabla kitabu hakijafunguliwa, nalo ni hili: ni hadithi gani ambayo meza hii imeshindwa kuisimulia? Mkongwe awezaye kuitaja ana sababu ya kujaribu, na pia ana kipimo cha kuukatalia mfumo usiompa. Asiyeweza kuitaja, ama hana upungufu wowote, ama umbo lake la zamani limemfunga macho kiasi kwamba haoni kilichoko nje yake. Yeye mwenyewe hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili, ndiyo maana inafaa amsikilize mgeni mezani, hata akiwa kijana aliyenunua kitabu Jumamosi iliyopita.

Mfumo mmoja unastahili kutajwa kabla ya kumaliza, kwa kuwa umebeba neno la Kiswahili bila ya wachezaji wake wengi kulitambua. Dread, uliotungwa na Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore na kutolewa mwaka wa 2005, umeziacha dadu. Katikati ya meza husimamishwa mnara wa vipande 54 vya mbao, yaani mchezo uitwao Jenga. Mchezo huo uliingizwa sokoni London mwaka wa 1983 na Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki akizungumza Kiingereza na Kiswahili. Familia yake iliuanza ikiwa Ghana, kwa vipande vilivyotoka kwenye kiwanda cha mbao cha Takoradi. Jina ni amri ya kitenzi kujenga, ingawa kila mwenye kuucheza anajua kuwa kinachongojewa ni kuanguka. Katika Dread karatasi ya mhusika haina namba hata moja. Mchezaji hujibu maswali kwa maandishi: ulimwacha nani nyuma, kwa nini huingii katika chumba kile. Akitaka mhusika wake afanye jambo la hatari, huvuta kipande na kukiweka juu. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika ametoka katika hadithi, kwa kifo au kwa njia nyingine. Akiuangusha kwa makusudi, mhusika hufanikiwa katika tendo lake la mwisho, kisha hutoka.

Hapa hakuna cha kusahauliwa, wala hakuna vikao sita vya kungoja. Kanuni haitoweki machoni, na haikukusudiwa kutoweka: mnara unaonekana na watu wote usiku kucha, unazidi kulegea, na hofu ya wahusika na hofu ya wachezaji zinakuwa kitu kimoja. Kwa mkongwe aliyezoea kuupima mfumo kwa jinsi unavyojificha, huu ni upinzani halisi, wenye uzito kuliko toleo jipya lolote la mchezo wake wa zamani.

Lakini iwekwe Dread mbele ya ile meza ya watu watano. Mmoja wao mkono unamtetemeka. Kanuni zinamruhusu mchezaji kukataa kuvuta; akikataa, mhusika hushindwa katika jambo alilolijaribu ila hubaki katika hadithi. Huyu atakataa mara nyingi kuliko wenzake, na kikao kikiendelea mhusika wake atageuka kuwa mwoga, au mwangalifu kupita kiasi, bila ya yeye kuwa amemchagulia tabia hiyo. Kwenye meza ya dadu mkono ule ule ulirusha kama mingine yote. Wanne waliobaki wanaweza kumvutia vipande, jambo ambalo litauondoa mkono wake katika hadithi. Wanaweza kukirudisha kitabu rafuni bila ya kutaja sababu. Au wanaweza kumuuliza. Yamkini yeye ndiye aliyekileta.